Namna ya Kunufaika na Mikataba ya Biashara Unapouza Korosho Karanga Nje ya Nchi

Mbanguaji wa korosho karanga (yaani korosho iliyotolewa ganda) wa Mtwara, Newala au Lindi huambiwa mara nyingi kwamba milango iko wazi: Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC), Eneo Huru la Biashara la Afrika, na mpango wa Umoja wa Ulaya wa kupokea bila ushuru bidhaa zote, isipokuwa silaha, kutoka nchi zenye maendeleo duni. Ni kweli, lakini usianzie kwenye jina la mkataba. Anzia kwenye msimbo wa forodha wa bidhaa yako.

Tarakimu sita za mwanzo za msimbo huo ni zilezile karibu dunia nzima. Korosho ghafi yenye ganda ni 0801.31, korosho iliyobanguliwa ni 0801.32, na ukishaikaanga na kuitia chumvi inahamia 2008.19. Ukiwa na msimbo, mwombe mnunuzi au wakala wa forodha akueleze viwango viwili vya nchi iendako bidhaa: ushuru wa kawaida na ushuru wa mkataba. Tofauti kati ya viwango hivyo ndiyo faida yako yote, na wakati mwingine haipo kabisa. Umoja wa Ulaya hautozi ushuru korosho iliyobanguliwa hata ikitoka nchi isiyo na mkataba wowote. Huko mtihani wako ni sumukuvu (sumu itokanayo na ukungu) na usafi wa kiwanda, wala si ushuru. Korosho iliyokaangwa, kwa upande mwingine, hutozwa, na hapo ndipo mpango ule unapokupa nafasi ya kumzidi mshindani. Kwa maoni yangu, hii ndiyo sababu nzito ya kufikiria kukaanga na kufungasha hapahapa Kusini badala ya kuishia kwenye kubangua.

Hatua inayowaangusha wengi ni kuthibitisha uasili, yaani nchi ambako bidhaa imetoka. Kwa korosho iliyobanguliwa, kanuni za Ulaya hudai kwamba korosho yote iwe imevunwa katika nchi inayoomba nafuu, kwa hiyo kubangua peke yake hakuifanyi korosho ya Msumbiji kuwa ya Tanzania. SADC huruhusu malighafi ya nchi mwanachama mmoja ihesabiwe kuwa ya mwingine, na Tanzania na Msumbiji zote ni wanachama. Kwa hiyo mzigo uliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji utengwe ghalani tangu siku ya kwanza, uwe na karatasi zake za forodha, na usichanganywe na ule ulionunuliwa mnadani. Stakabadhi ya ghala na hati za mauzo za chama kikuu cha ushirika, kiwe MAMCU, TANECU au RUNALI, ni ushahidi mzuri kuliko maelezo ya mdomo, ilhali korosho ya kangomba, yaani iliyonunuliwa kienyeji nje ya mfumo rasmi, haina karatasi yoyote ya kuitetea.

Baada ya hapo omba cheti cha uasili kabla meli haijaondoka. TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima, hutoa vyeti hivyo, lakini ulizia mapema TCCIA na Mamlaka ya Mapato (TRA) ni taasisi ipi inayotoa cheti cha mkataba unaoutumia, kwa kuwa fomu ya SADC haikubaliki mahali pa fomu ya Eneo Huru la Afrika. Kwa Ulaya utaratibu ni tofauti: muuzaji wa nje aliyesajiliwa hutoa mwenyewe tamko la uasili juu ya ankara, na shehena isiyozidi yuro 6,000 haihitaji usajili huo. Cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ni jambo jingine kabisa na hakichukui nafasi ya cheti cha uasili.

Hakikisha jina la bidhaa, uzito na msimbo vinafanana katika ankara, orodha ya vifurushi, hati ya shehena na cheti, kwani tofauti ndogo humpa ofisa wa forodha sababu ya kutoza ushuru wa kawaida. Kisha hifadhi nakala zote, pamoja na stakabadhi za ghala, kwa muda usiopungua miaka mitano, kwa sababu forodha ya nchi mnunuzi inaweza kuomba uhakiki muda mrefu baada ya mzigo kupokelewa.