Kuotesha tumbaku ya asili bustanini: kazi kubwa iko kitaluni

Mtu aliyezoea kusia mahindi au maharage hushangaa akiona mbegu ya tumbaku kwa mara ya kwanza. Ni kama vumbi la kahawia. Gramu moja ina mbegu 10,000 au zaidi, na hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa: wanaifukia. Mbegu hii ina akiba ndogo mno ya chakula, haina nguvu ya kupasua udongo, na inahitaji mwanga ili iote. Ukiifukia hata sentimita moja, usitarajie kitu.

Kabla ya kusia, jua unaotesha ipi. Tumbaku za asili zinazopandwa zaidi ni za aina mbili. Nicotiana rustica ni fupi, ina majani mazito ya mviringo na maua ya manjano yenye ukijani, na hukomaa mapema. Nicotiana tabacum hurefuka hadi kumpita mtu, majani yake ni marefu na maua ni ya waridi. Rustica ni kali zaidi. Nikotini katika majani yake inaweza kufikia asilimia 9, ilhali kwa tabacum kwa kawaida ni kati ya asilimia 1 na 3. Angalia pia sheria ya nchi yako, maana mahali pengine kilimo cha tumbaku kinahitaji kibali hata kikiwa kidogo.

Kitalu kinataka udongo laini uliochekechwa, wenye mboji iliyooza kabisa na usiotuamisha maji. Umwagie maji yanayochemka, kisha uache upoe kabla ya kusia. Hatua hii huua mbegu za magugu na hupunguza vimelea vya kinyausi, ugonjwa unaokata miche michanga shinani na kuilaza chini kwa usiku mmoja. Changanya mbegu kidogo sana na mchanga mkavu uliochekechwa, nyunyiza juu ya udongo uliolowa, kisha gandamiza taratibu kwa kiganja au kipande cha ubao. Usifunike kwa udongo.

Kumwagilia kunadai subira kuliko kazi nyingine yoyote hapa. Maji ya kopo husomba mbegu zote na kuzirundika pembeni. Kama umesia kwenye trei au chungu chenye matundu, kiweke ndani ya beseni lenye maji kidogo, udongo unyonye kutokea chini, halafu ukitoe. Kwa kitalu cha ardhini tumia pampu ya mkono yenye mnyunyizo kama ukungu. Uso wa udongo usikauke hadi mbegu ziote, jambo linalochukua siku 7 hadi 14 kwenye joto la nyuzi 21 hadi 27. Miche ikishatoka, punguza maji na uruhusu hewa ipite, kwa sababu kinyausi hupenda unyevu na msongamano. Punguzia miche mapema ibaki sentimita 4 au 5 kati ya mmoja na mwingine. Najua inauma kung'oa mche wenye afya, lakini iliyosongamana huwa myembamba na dhaifu.

Baada ya wiki 6 hadi 8 miche huwa na kimo cha sentimita 15 hivi. Siku chache kabla ya kuihamisha, punguza maji na uizoeshe jua kali. Hamisha jioni au siku ya mawingu. Rustica iachie nusu mita kati ya mashina. Tabacum ipe sentimita 60, na mita moja kati ya mistari. Samadi iwe imeoza, wala usizidishe naitrojeni, kwani majani yatakuwa makubwa lakini yatachelewa kukomaa. Siku za mwanzo kagua mashina kila asubuhi. Sota, yaani viwavi wa udongoni, hukata mche usiku na kujificha ardhini hapohapo.

Usiipande karibu na nyanya, pilipili, biringanya au viazi mviringo, wala mahali vilipovunwa msimu uliopita. Zote ni familia moja na huambukizana minyoo fundo (minyoo midogo inayovimbisha mizizi), mnyauko bakteria na virusi vya batobato, yaani madoadoa kwenye majani. Virusi hivi huishi hata kwenye tumbaku iliyokaushwa, hivyo anayevuta sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche.

Vikonyo vya maua vikichomoza, vikate ili nguvu ya mmea iende kwenye majani, kisha ondoa kila wiki maotea (machipukizi) yanayojitokeza kwenye vikwapa, pale jani linapoungana na shina. Bakiza shina moja au mawili bora kwa ajili ya mbegu.

Hapa nasisitiza kwa moyo wote: usishike majani yaliyolowa umande au mvua bila glavu na shati la mikono mirefu. Nikotini hupita kwenye ngozi, na dalili zake ni kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na kuumwa kichwa. Subiri majani yakauke, na ukimaliza oga na ubadili nguo. Watoto na wajawazito wasifanye kazi hii kabisa, na mifugo isifikie bustani. Wapo wanaochemsha majani kutengeneza dawa ya wadudu. Mchanganyiko huo ni sumu kwa anayeupulizia na kwa anayekula mboga, achana nao.

Kwa mbegu, vika kichwa cha maua mfuko wa kitambaa chepesi kabla hayajafunguka, wadudu wasilete chavua ya aina nyingine. Vifuko vya mbegu vikigeuka kahawia, vikate, vianike kivulini, vipukuchue juu ya karatasi, kisha hifadhi mbegu kwenye bahasha ndani ya chupa iliyofungwa, mahali pakavu na pa baridi. Zikitunzwa hivyo hudumu miaka kadhaa. Mashina yaliyobaki shambani yang'oe na mizizi yake mara baada ya mavuno, yasije yakalea minyoo na virusi hadi msimu unaofuata.