Kabla ya Upasuaji wa Jicho Lililozama: Mambo ya Kuzingatia

Jicho likizama baada ya ajali kuvunja mfupa wa tundu lake, kwanza daktari wa macho alipime jicho lenyewe, kwa sababu mfupa unaweza kungoja siku kadhaa lakini jicho lililopasuka halingoji. Bebeni picha ya mgonjwa ya kabla ya ajali. Tajeni dawa zote anazotumia, hasa aspirini, na kama anavuta sigara aache.

Skana, yaani picha za CT za mifupa ya uso, ndiyo ninayowasihi msiipuuze. Mpwa wangu alianguka na pikipiki hapa Goma, uso ukagonga mawe ya volkano, na kituo cha afya alikopelekwa kikampiga picha ya kawaida ya eksirei, kikasema hakuna mfupa uliovunjika, kikampa dawa ya maumivu. Kwa kuwa uvimbe ulikuwa ukilisukuma jicho mbele, kasoro haikuonekana. Uvimbe ulipokwisha, jicho likaanza kuingia ndani, shavu likafa ganzi, na kila aliposhuka ngazi akawa anaona vidato viwili viwili. Skana iliyofanywa miezi baadaye ilionyesha kwamba sakafu ya tundu la jicho, ambayo ni mfupa mwembamba mno, ilikuwa imebomoka, na mafuta yanayolishikilia jicho yameporomokea katika uwazi wa hewa ulio ndani ya shavu. Madaktari wengi hupendelea kurekebisha katika wiki 2 za kwanza, kabla kovu halijashika. Baada ya hapo upasuaji bado unawezekana, ila huwa mgumu zaidi na jicho huenda lisilingane kabisa na mwenzake. Ombeni skana mapema. Mtoto anayetapika na kushindwa kutazama juu baada ya kupigwa jicho, hata kama jicho ni jeupe na halikuvimba, apelekwe siku hiyo hiyo, maana huenda msuli umebanwa katika ufa wa mfupa.

Ulizeni kitakachopandikizwa ni wavu wa titani, plastiki maalumu au mfupa wa mgonjwa mwenyewe, ambao huongeza kidonda cha pili, na kama bei yake imo katika hesabu mliyopewa.

Ndugu atakayelala naye hospitalini awe mtu asiyeogopa kumwamsha muuguzi: mgonjwa akipata maumivu makali, jicho likitokeza au akianza kuona giza, asiambiwe avumilie hadi asubuhi, kwani damu inayojikusanya nyuma ya jicho inaweza kumpofusha kabisa ndani ya saa chache. Asipenge kamasi kwa wiki kadhaa, akipiga chafya afungue mdomo, asiinue mizigo, asipande pikipiki wala ndege kabla ya kuruhusiwa, na ndugu waliotoka mbali wamtafutie malazi mjini, karibu na hospitali.