Kabla hujalipia katana, omba uone mkia wake

Katana yangu ya kwanza, yaani ule upanga mrefu wa Kijapani uliopinda, niliinunua kwa picha tu. Muuzaji aliandika chuma kimekunjwa mara elfu moja, kimechomwa na udongo kama zamani, mimi nikaingia mzimamzima maana yale mawimbi meupe kwenye makali yalikuwa yanavutia balaa. Wiki kadhaa mbele nikaona bapa lina alama za vidole, nikachukua dawa ya kung'arishia vyuma na kitambaa nikasugua, mawimbi yakaanza kutoka na kitambaa. Yalikuwa yamechorwa kwa asidi tu. Nilikaa kitandani nimeshika kitambaa cheusi nikajicheka, baadaye ndo nikaanza kujifunza kwa uchungu, na haya ni yale ambayo ningependa mtu aniambie kabla sijatoa hela.

Tuanze na hiyo "mara elfu" maana bado naiona kwenye matangazo kila siku. Mhunzi wa Japani anakunja chuma mara 10 hadi 15 hivi basi, na kila mkunjo unazidisha tabaka mara mbili, kwa hiyo mara 10 ni tabaka 1,024 na mara 15 ni tabaka 32,768. Ukikunja mara elfu hakuna kitakachobaki, moto unakila chote. Halafu walikuwa na sababu ya kukunja: tamahagane, yaani chuma kinachotoka kwenye tanuru la mchanga wa chuma na mkaa, kinatoka na takataka ndani na kaboni haijalingana, huku nyingi kule kidogo, sasa kukunja ndo kunakisafisha na kukisawazisha. Chuma cha kiwandani kishasawazishwa tayari. Kukikunja ni urembo, na kila mkunjo ukikosewa unaacha ufa ndani, kwa hiyo katana ya bei chee inayotamba na mikunjo mimi naipita.

Kabla ya kuuliza bei jiulize unaitaka ya nini. Upanga wa kukusanya na upanga wa mazoezi ni vitu viwili tofauti kabisa, na wengi wanapigwa hapo katikati kwa sababu wanataka kimoja kifanye kazi zote, kiwe cha kale, kikatie mikeka ya mazoezi, na kiwe bei poa. Hakipo wakuu.

Kama unaanza iaido, yale mazoezi ya kuchomoa na kurudisha upanga alani, usinunue chochote kabla hujaongea na mwalimu wako, maana kila mtindo una mambo yake ya urefu na uzito, na kuna walimu hawataki kabisa uje na chuma chenye makali mwaka wa kwanza. Wengi wanaanza na bokuto, ule wa mbao, baadaye iaito. Iaito ni aloi ya zinki na alumini, haina makali na hata ukitaka kuitia makali haikubali, imetengenezwa kwa kuchomoa na kurudisha alani tu. Usipigie kitu na usigonganishe na mwenzako, inaweza kukatika na kipande kikaruka.

Urefu hupimwa kwa mstari ulionyooka toka nchani mpaka kwenye kijino cha mgongoni pale bapa linapoanza, haufuati mpindo, na mpini hauhesabiwi. Wajapani wanahesabu kwa shaku, shaku 1 ni sentimita 30.3. Kuanzia shaku 2, yaani sentimita 60.6, ndo katana, kati ya 1 na 2 ni wakizashi, chini ya 1 ni tanto. Mtu wa sentimita 170 mara nyingi anaangukia kwenye 72 au 73 hivi, ila kipimo cha haraka ni hiki: simama wima, shika upanga kwa mkono wa kulia karibu na tsuba, kile kisahani cha kukinga mkono, acha mkono ulegee ncha iangalie chini. Ncha ikigusa sakafu, huo ni mrefu kwako.

Ukifika hatua ya kukata mikeka iliyoloweshwa unahitaji chuma cha kweli, na hapa sikushauri ukimbilie cha kale. Panga za kiwandani zinatajwa kwa namba. 5160 na 9260 ni chuma cha springi, kikichomwa sawasawa mwili mzima ukikosea pembe kinapinda kidogo halafu kinarudi. 1060 na 1095 ni chuma cha kaboni cha kawaida, T10 nayo ni ya kaboni nyingi, na hizi mara nyingi zinachomwa kwa udongo: mgongoni udongo mnene, kwenye makali mwembamba, zikitumbukizwa majini makali yanapoa haraka yanakuwa magumu na mgongo unabaki laini. Hapo ndo mawimbi ya kweli, hamon, yanapozaliwa. Ni nzuri sana ila haisamehi, ukikata vibaya inapinda na inabaki imepinda. Kwa anayejifunza kukata mimi nasema chukua cha springi, urembo utakuja baadaye.

Chuma kisichoshika kutu, zile 420 na 440, acha zikae ukutani. Kwa bapa refu kiasi hicho kinakuwa kigumu chenye kukatika, na mara nyingi ndani ya mpini hakuna mkia wa maana, yaani ile sehemu ya bapa inayoingia ndani ya mpini, ni kifimbo chembamba kimechomelewa na nati mwishoni. Siku ukiuzungusha kwa nguvu bapa linatoka peke yake kama mkuki na wewe umebaki na mpini mkononi.

Kwa hiyo twende kwenye mkia, unaoitwa nakago. Upanga wa kueleweka unafunguka. Kuna kimsumari cha mwanzi kinapita kwenye mpini, mekugi, unakisukuma kitoke kwa kijinyundo, unashika mwisho wa mpini kwa mkono wa kushoto upanga umesimama ncha juu makali yakiangalia mbali na wewe, unapiga kifundo cha mkono wako huo wa kushoto kwa ngumi ya kulia, taratibu, pale juu tu ya kiganja. Unasikia bapa linaruka kidogo, tk. Unapiga tena. Likishapanda vya kutosha unalishika kwenye ile kola ya shaba chini ya bapa, habaki, unalitoa. Muuzaji akikwambia mpini umegandishwa kwa gundi au haufunguki, mshukuru uende zako. Kama ni mtandaoni omba picha ya mkia pande zote mbili na picha ya bapa habaki ikiwa imetolewa, maana hapo utaona kitu kingine: hamon ya kweli haiishii pale kola ilipofunika, inapita inaingia chini mpaka mwanzo wa mkia. Ya kuchorwa mara nyingi inaishia pale pale jicho lako linapoishia.

Nchani angalia pia. Ya kweli inaingia kwenye ncha inageuka kurudi mgongoni, sehemu hiyo wanaiita boshi. Washa taa moja tu, sio zile ndefu zinazomwaga mwanga kila mahali, elekeza ncha karibu na taa kisha geuzageuza bapa polepole. Ya kweli ina kina, inaonekana kama ukungu wenye vichembe vinavyometameta, pembe moja unaviona pembe nyingine vinapotea. Ya asidi ni nyeupe ile ile popote utakapoigeuzia. Ukishaona ya kweli mara moja hutadanganyika kirahisi tena, kwa hiyo ukipata nafasi nenda makumbusho, ile ya panga pale Ryogoku, Tokyo, ni ya kazi hii tu.

Kwa wa kukusanya vitu vya kale, mkia ndo cheti cha kuzaliwa. Kutu yake inatakiwa iwe nyeusi au kahawia iliyokolea, laini, imetulia. Kutu ya rangi ya chungwa ni ya juzi. Na tafadhali, usisugue mkia, usipige msasa, usiweke dawa ya kutu! Nimeona mtu amesafisha mkia wa upanga wa babu yake ukang'aa kama kijiko, amefuta karne nzima kwa dakika kumi. Tazama pia mistari ya tupa imelalia wapi, na matundu ni mangapi. Matundu mawili matatu mara nyingi yanamaanisha upanga ulifupishwa au ulibadilishiwa mpini, sio dhambi, zile ndefu za zamani zilifupishwa sana, ila bei lazima ijue.

Sahihi ya mhunzi ndo mtego mkubwa. Sahihi za uongo zina mpaka jina lake, gimei, na zimechongwa kwa karne nyingi na Wajapani wenyewe, kwa hiyo upanga unaweza kuwa wa miaka 400 kweli na sahihi ikawa feki. Masamune mwenyewe, mhunzi maarufu wa zamani, karibu kazi zake zote hazina sahihi, sasa ukikuta jina lake liko wazi mezani kwa bei ya kutupa jibu unalo. Kanuni yangu ni rahisi, jina kubwa bila karatasi nalihesabu halipo na nalipia bapa tu. Karatasi zinazoaminika zaidi ni za NBTHK, chama cha Kijapani cha kuhifadhi panga kilichoundwa 1948, ngazi zinapanda kuanzia Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo mpaka Tokubetsu Juyo. Zile za zamani za kabla ya 1982 zipokee kwa tahadhari, nyingi zikirudishwa kukaguliwa upya majibu yanabadilika.

Kasoro nazo hazilingani. Vilengelenge na nyufa ndogo zinazofuata mkunjo ni uzee, utazivumilia kama bei imeshuka. Ila hagire, ufa mwembamba kama unywele unaosimama wima kutoka kwenye makali, huo umeua upanga, hautengenezeki. Pitisha macho makali yote polepole chini ya taa, sentimita kwa sentimita. Angalia na hamon isiwe imeliwa na vinoo mpaka ikatoka nje kabisa, na kwenye ncha kama boshi haipo, usichukue.

Panga za vita vya mwisho, za miaka ya 1930 mpaka 1945, zipo nyingi sokoni. Nyingi ni za kiwandani, zimepozwa kwa mafuta badala ya maji na zina muhuri mdogo kwenye mkia. Ni historia ya kijeshi, nunua kama historia ya kijeshi, usilipe bei ya kazi ya mkono.

Na usinunue wenye kutu kwa kudhani utauosha. Mnoaji wa Kijapani aliyefunzwa anafanya kwa vinoo vya hatua nyingi, foleni ni ndefu, na gharama inaweza kupita bei uliyonunulia upanga wenyewe. Piga hesabu hiyo kabla hujasema ndiyo. Fundi wa visu na mashine yake ya kusaga asiuguse kabisa.

Mambo ya sheria kwa kifupi. Japani kila upanga wa jadi unatembea na cheti cha usajili kinachotolewa na bodi ya elimu ya mkoa, na ukitoka nje ya nchi cheti kinarudishwa na kunahitajika kibali cha Bunka-cho, wakala wa utamaduni, kwa hiyo anayekwambia anakutumia kesho toka Tokyo anakudanganya. Mhunzi mwenye leseni anaruhusiwa panga ndefu 2 tu kwa mwezi, au fupi 3, kwa hiyo mpya ya Kijapani haiwezi kuwa rahisi. Uingereza tangu 2008 panga zilizopinda za sentimita 50 na zaidi zimebanwa, ila za kabla ya 1954 na zilizotengenezwa kwa njia za jadi zina msamaha. Kwenu soma sheria kabla ya kuweka oda.

Ukifika nyumbani usishike bapa kwa vidole, jasho linaacha kutu ya umbo la kidole. Futa mafuta ya zamani kwa karatasi laini, pakaza mapya membamba sana, yale ya choji yananukia karafuu ingawa mara nyingi ni mafuta ya madini yametiwa harufu. Yakidondoka umeweka mengi. Uweke umelala, makali juu. Kabla ya kila zoezi inamisha upanga ukiwa alani ncha ikiwa juu kidogo uone kama unateleza kutoka wenyewe, tikisa usikilize kama tsuba inacheza, kisha toa ule mwanzi wa mekugi uuangalie. Ukiwa na mkunjo katikati au umebonyea, badilisha siku hiyo hiyo, na weka wa akiba mfukoni.