Andika chumba cha mchoraji kabla hakijavunjwa

Baba yangu mdogo alikuwa akichora picha za mtindo wa Tingatinga pale Morogoro Stores, Oysterbay, na kulala Msasani Mikoroshoni, chumba cha kupanga. Alipofariki tulibaki na picha kumi na moja, na katika ukoo mzima hakuna aliyeweza kuonyesha mlango wa chumba kile. Inaniuma mpaka leo. Ndiyo maana nazunguka na daftari kwa wachoraji wazee wa Dar es Salaam, na ningependa nawe ufanye hivyo mjini kwako.

Anza na kodi ya nyumba, sanaa itafuata. Ukimwambia mzee akueleze historia yake, atakupa ile anayowapa watalii: Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, akauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Hayo yameshaandikwa. Wewe msalimie, kaa, kisha uliza: "Mzee, mwenye nyumba wenu alikuwa nani? Chumbani mlilala wangapi? Picha mbichi mlizianika wapi mvua ikinyesha?" Rangi yenyewe ni ya mafuta, ile ya kupaka baiskeli, inanuka, na ikiguswa kabla ya kukauka kazi imeharibika. Mzee mmoja alinijibu, "Mwanangu, tulilala uani, picha zikalala ndani." Baada ya hapo alizungumza saa mbili.

Maswali haya yana faida kubwa. Wanafunzi wa mwanzo wa Tingatinga wengi walikuwa ndugu zake na watu wa kwao kusini, kwa hiyo ukijua nani alifikia kwa nani, umejua nani alimfundisha nani. Wake zao waulize peke yao. Agatha Mataka, mke wa Tingatinga, ndiye aliyekuwa akiuza picha za mumewe. Wanawake wanakumbuka bei, majirani, na siku ya kuhamishwa.

Halafu nendeni na mzee mkakione chumba. Pitieni kwanza serikali ya mtaa, maana mtu mwenye futi kamba huko uswahilini hudhaniwa mpima viwanja, na watu wanaogopa kubomolewa. Pima chumba, chora ramani kwa penseli, mwache mzee mwenyewe aweke alama: hapa mkeka, hapa makopo, hapa dirisha. Kama nyumba haipo tena, piga picha kilichopo sasa na uandike hivyo hivyo.

Picha zote alizochora mzee zipige kwa kamera mbele na nyuma. Mwaka wangu wa kwanza nilipiga mbele tu, na baadhi zilikuwa zimeshauzwa niliporudi. Nyuma ya ubao uliochorwa ndiko huwa kuna jina, bei, pengine na mtaa.

Usisubiri jengo liwe maarufu. Nyumba ya Sanaa, jengo la wasanii, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwenyewe mwaka 1983, katikati ya jiji, na leo jengo lile halipo. Chumba cha Mikoroshoni kitasalimikaje?

Mwisho toa nakala tatu za ulichoandika: moja kwa familia, moja kwa ushirika wa wachoraji, moja ubaki nayo. Jina ambalo mzee hataki litajwe lifiche. Picha ya mlango wa chumba isafishe kwenye karatasi, umpelekee, na nyuma yake uandike mtaa, tarehe na majina ya wote waliolala humo.