Tuma nakala nyepesi, video asili ibaki Lamu
Mkirekodi filamu ya mafundi wa majahazi huku Lamu na mhariri yuko Nairobi, msipakie video asili. Tengenezeni nakala za ubora mdogo, 720p, kwa programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, mzipakie Google Drive usiku. Saa moja ya video asili ya 4K (ubora wa juu) ya megabiti 100 kwa sekunde ni GB 45. Nakala yake ya megabiti 4 kwa sekunde haifiki GB 2. Mhariri atawarudishia faili la mradi tu (lenye kazi ya uhariri, bila video), mliunganishe na video asili. Majina ya faili, fremu kwa sekunde na taimukodi (namba ya muda ya kila fremu) visiguswe kabisa! Kamera mbili zaweza kutoa faili lenye jina lilelile, C0001, kila moja, kwa hiyo kila kadi iwe na folda yake. Kwa kusahihisha rangi au kukagua fokasi njia hii haifai. Hapo tumeni diski yenye video asili, nakala nyingine ibaki kwenu.