Balbu ya taa kwa maua ya ndani: soma Kelvini kwanza

Kwenye boksi la balbu ya LED kuna namba inayoishia na herufi K, yaani Kelvini: 2700K, 3000K, 4000K, 6500K. Wengi huidhania ni nguvu ya taa, kumbe ni rangi ya mwanga. Namba ndogo hutoa mwanga wa njano wenye nyekundu nyingi, namba kubwa hutoa mweupe unaoelekea buluu. Buluu hufanya shina liwe fupi na majani yakaze. Nyekundu hulisha ukuaji, na ndiyo mmea hutumia kupima urefu wa usiku.

Hatua ya 1: chagua rangi. Miche na vipandikizi vipewe 5000K hadi 6500K. Mmea uliokomaa unaotaka uchanue, 3000K au 4000K. Ukiwa na pesa ya balbu moja tu, chukua 4000K, au baadaye changanya moja ya 3000K na moja ya 6500K. Balbu za zamani za waya ziache dukani. Mwanga wake ni wa njano, ndiyo, lakini karibu umeme wote unageuka joto, na mmea unarefuka bila nguvu.

Hatua ya 2: soma lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga. Eneo la upana wa sentimita 40 linahitaji balbu mbili za wati 12, kila moja ikitoa lumeni 1,000 au zaidi. Angalia na kitako: maduka yetu yanauza ya pini (B22) na ya kuzungusha (E27), na haziingiliani.

Hatua ya 3: pima umbali. Hapa ndipo watu hukosea kuliko kwenye rangi. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unabaki robo. Balbu iliyo mita 2.4 juu ya mmea inaupa takriban sehemu moja ya 64 ya mwanga ambao ungeupata kwa sentimita 30. Ning'iniza taa sentimita 25 hadi 30 juu ya majani, na uweke kava la chuma au plastiki nyeupe juu yake ili mwanga urudi chini. Usizibe kitako cha LED. Kikikosa hewa, balbu inakufa mapema.

Kisha usome majani. Shina likirefuka na majani kuachana, taa iko mbali. Majani yakipauka, au moyo wa mmea ukijibana na kukaza, taa iko karibu mno: isogeze juu sentimita 5, usubiri wiki mbili.

Hatua ya 4: saa za mwanga, na za giza. Urujuani wa Usambara (African violet) na begonia: saa 12 hadi 14 kwa siku. Kalankoe na krisanthemamu ni habari nyingine. Hizi huchanua usiku ukiwa mrefu, kwa hiyo zipe mwanga saa 10 na giza totoro saa 14, kwa wiki sita mfululizo. Wakulima wa vipandikizi vya krisanthemamu huwasha taa katikati ya usiku makusudi ili visichanue. Taa ya sebuleni inayowaka hadi saa tano usiku inafanya kazi hiyohiyo, bila wewe kukusudia. Sisi wa Uganda tuko kwenye Ikweta, mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima. Kalankoe ya dirishani isiyochanua, shuku taa ya nyumba kwanza. Ifunike kwa boksi saa kumi na moja jioni, ifunue saa moja asubuhi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, urujuani wangu una majani mazuri ila maua hakuna. Taa ni 6500K, wati 9, iko darini. (Jinja)*
Usibadilishe rangi kwanza, dada. Ishushe taa. Baada ya miezi miwili bila matumba, ndipo uongeze balbu ya 3000K. Punguza pia mbolea yenye naitrojeni nyingi, maana nayo hujenga majani tu.

*Ssebo, hizi taa hazitanimalizia Yaka, umeme wangu wa kulipia kabla? (Mbarara)*
Balbu mbili za wati 12 kwa saa 12 ni wati-saa 288. Yuniti moja ni wati-saa 1,000, kwa hiyo kwa mwezi ni takriban yuniti 8.6. Zidisha kwa bei ya yuniti yako.

*Umeme ukikatika mchana, nifidie usiku? (Gulu)*
Urujuani, fidia, mradi upate angalau saa nane za giza. Kalankoe iliyo katika wiki zake sita, usithubutu. Mwanga uliopotea uache upotee, giza usiliguse.

*Zile taa za zambarau za kukuzia mimea zinafaa?*
Zinakuza, lakini chini yake huoni jani likianza njano wala utitiri. Nyeupe inakuonyesha mapema.