Toleo jipya la fremuweki limetoka: utajuaje kama liingie produksheni?

Fremuweki ya wavuti, yaani msimbo wa msingi ambao tovuti hujengwa juu yake, ikitoa toleo kubwa, swali la kwanza kwenye timu huwa lile lile: "Hili toleo ni imara?" Waliolitengeneza wameshalijibu siku walipolitangaza. Swali lililobaki ni lako, kabla hujalipeleka produksheni, yaani kwenye seva zinazohudumia watumiaji halisi: mfumo wetu, pamoja na data yake na maktaba tulizozirundika miaka yote hii, ukikaa juu ya toleo hili utasimama? Na usiposimama, tunaweza kurudi tulikotoka jioni ile ile bila kupoteza hata rekodi moja?

Kazi yangu ya kila siku ni Django, fremuweki ya lugha ya Python, kwa hiyo mifano mingi itatoka huko. Hatua zenyewe zinafaa vile vile kwa fremuweki nyingine kama Laravel, Rails, Vue au Next.js.

Hatua ya 1: Fungua kalenda kwanza

Kabla ya kusoma orodha ya vipya, andika tarehe ambayo toleo unalotumia sasa litaacha kupewa viraka vya usalama. Django 4.2, toleo la msaada wa muda mrefu lililotoka Aprili 2023, lilipangiwa viraka hadi Aprili 2026. Mrithi wake, 5.2, lilitoka Aprili 2025 na limepangiwa hadi Aprili 2028. Kwa hiyo timu iliyokuwa kwenye 4.2 ilipewa mwaka mzima wa kuvuka kwa utulivu. Laravel hutoa marekebisho ya hitilafu kwa miezi 18 na ya usalama kwa miaka 2. Vue 2 ilifungwa rasmi 31 Desemba 2023.

Kando ya tarehe hiyo andika wiki ambazo timu yako itahitaji, ukihesabu na wiki za likizo na za dharura. Ukibakiwa na nafasi kubwa, kusubiri hakukugharimu kitu. Nafasi ikiwa finyu, kusubiri nako ni hatari, na lazima uihesabu kama unavyohesabu hatari ya kupandisha. Machi 2025 lilitangazwa tundu la usalama kwenye Next.js, CVE-2025-29927, ambalo lilimwezesha mshambuliaji kuruka ukaguzi wa ruhusa uliowekwa kwenye tabaka la kati (middleware) kwa kutuma kichwa (header) kimoja tu cha ombi. Viraka vilikuja kama 15.2.3 na 14.2.25. Aliyekuwa kwenye tawi linalotunzwa alibadilisha namba moja akamaliza. Ukiwa kwenye tawi lililokwisha kuachwa, siku kama hiyo inaweza kukudai upandishe toleo zima kwa saa chache, huku mlango uko wazi.

Kanuni yangu mwenyewe: toleo linaloishia na sifuri nalijaribu siku hiyo hiyo kwenye tawi la pembeni, ila produksheni halifiki. Nasubiri kiraka cha kwanza au cha pili, halafu nasoma kimerekebisha nini. Kikiwa kimerekebisha mambo madogo ya pembezoni, moyo unatulia. Kikigusa upotevu wa data au maswali ya hifadhidata yanayotoa majibu yasiyo sahihi, naongeza mwezi.

Hatua ya 2: Soma maelezo ya toleo ukiwinda mabadiliko yaliyo kimya

Kitu kilichoondolewa kabisa hakinitishi. Utakapoendesha mfumo utapata kosa wazi, utarekebisha. Cha kuogopa ni tabia ya msingi iliyogeuzwa, maana msimbo wako haujabadilika, hakuna kosa lolote, na bado mfumo unafanya jambo jingine. Next.js 15, iliyotoka Oktoba 2024, iliacha kuhifadhi majibu ya `fetch`, amri ya kuomba data, kwenye kache (hifadhi ya muda) kwa chaguo-msingi. Kurasa zinaonekana sawasawa kabisa kwa macho. Kinachoongezeka ni mzigo kwenye seva inayotoa data, na utauona siku watumiaji watakapokuwa wengi.

Mfano mwingine ambao wengi huupita haraka uko kwenye Django. Toleo 4.2 hupitisha nywila kwenye PBKDF2, kanuni ya kuificha kabla ya kuihifadhi, mizunguko 600,000. Toleo 5.2 limepandisha hadi 1,000,000. Kwa usalama ni jambo jema sana. Lakini tazama siku ya kwanza baada ya kupandisha, kama hukubadilisha mpangilio wa msingi: mtumiaji anaingia, seva inahakiki nywila yake kwa ile mizunguko 600,000 ya zamani, kisha inaona idadi imebadilika, inaikokotoa upya kwa mizunguko 1,000,000 na kuihifadhi. Jumla ni mizunguko 1,600,000 kwa mtu mmoja. Kama watumiaji wako wana mazoea ya kuingia wote kwa pamoja asubuhi kazi inapoanza, prosesa za seva zitalia saa hiyo, na ukitafuta hitilafu kwenye msimbo wako hutaipata. Usipandishe siku ambayo wote wataingia kwa pamoja, au ongeza seva kwa muda.

Angalia pia sakafu iliyoinuliwa. Django 5.2 imeacha kuunga mkono hifadhidata ya PostgreSQL 13. Kama bado uko huko, una kazi mbili mkononi, na naomba usizifanye wikiendi moja. Hifadhidata kwanza, iache itulie, ndipo fremuweki. Ukizibeba pamoja na kitu kikaharibika, hutajua umlaumu nani.

Hatua ya 3: Kagua maktaba moja moja

Fremuweki yenyewe huwa tayari mapema kuliko jirani zake. Vue 3 ilitoka Septemba 2020, lakini ilifanywa toleo la msingi Februari 2022, na Vuetify 3, ambayo miradi mingi iliitegemea kwa vitufe na majedwali yake yote, ilifika mwishoni mwa 2022. Kwa timu iliyojenga kiolesura chake juu ya Vuetify, Vue 3 haikuwa tayari kwa miaka miwili, hata kama yenyewe ilikuwa nzuri kiasi gani.

Tengeneza jedwali: jina la maktaba, toleo ulilonalo, toleo linalokubali fremuweki mpya, na mara ya mwisho kuguswa na mtunzaji wake. Safu hiyo ya mwisho ina uzito kuliko zote. Maktaba iliyochelewa ila inatunzwa itafika. Iliyonyamaza miaka miwili haitafika, na ni lazima uamue leo: kuibadilisha, kuiondoa, au kuinakili na kuitunza mwenyewe. Ukiwa na Composer, chombo cha kusimamia maktaba za PHP, amri ya `composer why-not laravel/framework 12.0` itakutajia papo hapo nani anakuzuia.

Hatua ya 4: Sikiliza maonyo ukiwa bado kwenye toleo la zamani

Hapa kazi ni fupi na faida ni kubwa. Usibadilishe toleo bado. Endesha majaribio yako huku maonyo yote yamewashwa:

`python -Wa manage.py test`

Kila onyo la kitu kinachoelekea kuondolewa lirekebishe sasa hivi na ulipeleke produksheni kama badiliko la kawaida. Ukifika siku ya kubadilisha namba yenyewe, badiliko liwe dogo kiasi kwamba mwenzako analisoma kwa dakika kumi. Baada ya kubadilisha, kimbiza na hii:

`python manage.py makemigrations --check --dry-run`

Ikikuambia kuna mabadiliko ya majedwali ya hifadhidata ambayo hukuyaomba, simama hapo mpaka uelewe yametoka wapi.

Hatua ya 5: Lijaribu kwenye njia ambayo mtumiaji wako anapita kweli

Miaka kadhaa iliyopita nilipandisha mfumo wa mteja mmoja kutoka Django 3.2 kwenda tawi la 4. Majaribio yote yalikuwa kijani, yaani yamefaulu, nami nilikuwa nimeyaangalia mara mbili. Tukapeleka. Kurasa zinafunguka vizuri, ila kila fomu mtu anayoituma inarudi na 403, kosa la kukataliwa ruhusa. Kuingia haiwezekani, kuhifadhi haiwezekani. Tulirudisha toleo la zamani ndani ya robo saa, na nikakaa na lile tatizo mpaka usiku.

Sababu yake ilikuwa hii. Kuanzia 4.0, Django hulinganisha kichwa cha `Origin` kinachotumwa na kivinjari na anwani ambayo yenyewe inaamini iko juu yake. Mbele ya programu yetu palikuwa na proksi, seva ya kupokea maombi na kuyapitisha, iliyopokea HTTPS na kuipelekea Django HTTP tupu. Kivinjari kinasema `https://`, Django inajiona iko kwenye `http://`, hazilingani, fomu inakataliwa. Dawa ni mistari miwili ya mipangilio: `SECURE_PROXY_SSL_HEADER` ili Django itambue kwamba safari ilianza kwa HTTPS, na `CSRF_TRUSTED_ORIGINS`, ambayo tangu 4.0 inataka anwani iandikwe pamoja na `https://` mbele yake (CSRF ni shambulio la kutuma fomu ya kughushi kutoka tovuti nyingine). Mstari wa kwanza uuwashe tu kama proksi yako inafuta kichwa ambacho mpangilio huo hukisoma kinapokuja kutoka nje, la sivyo mtu yeyote ataweza kukibandika mwenyewe.

Na majaribio? Yasingeweza kuliona. Mteja wa majaribio wa Django (programu inayojifanya kivinjari) haukagui CSRF mpaka uutengeneze kwa `enforce_csrf_checks=True`, wala haupiti kwenye proksi. Tangu siku hiyo, seva yangu ya majaribio ina proksi ile ile ya produksheni, cheti cha TLS, kache, foleni ya kazi za nyuma, na nakala ya data yenye ukubwa unaokaribia ule halisi, baada ya kufuta taarifa za watu. Halafu mtu, kwa mkono wake, anaingia, anatuma fomu, anapakia faili, anabadilisha nywila, anatoka.

Hatua ya 6: Fanya mazoezi ya kurudi nyuma

Hii ndiyo hatua inayoamua, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Kwenye seva ya majaribio, pandisha toleo jipya, liache liandike data kwa saa nzima: watu waingie, kache ijae, kazi ziingie kwenye foleni. Kisha rudisha toleo la zamani bila kusafisha chochote. Je, vikao (sessions) vya watumiaji walioingia vinasomeka? Kazi zilizo kwenye foleni zinaeleweka? Kache je?

Rails 7.1 ilikuja na muundo mpya wa kuandika kwenye kache ambao Rails 7.0 hauufahamu. Ndiyo maana faili lake la mipangilio linakuonya usiuwashe mpaka mfumo wote uwe umehamia 7.1 na huna tena mpango wa kurudi. Ushauri huo ufuate kwa kila fremuweki: hamisha toleo kwanza, washa tabia mpya baadaye. Na badiliko lolote la majedwali lisisafiri na toleo. Safu mpya iongezwe wiki moja kabla, safu ya zamani ifutwe baada ya kuvuka.

Zoezi likishindwa na huna namna ya kulirekebisha, jibu ni "bado", hata kama kila kitu kingine ni kijani.

Hatua ya 7: Andika vigezo, ndipo ufungue mlango kidogo

Kabla ya kupeleka, andika kwa namba ni nini kitakachokufanya urudi. Mimi huandika hivi: makosa ya 5xx (ya upande wa seva) au 403 yakizidi mara mbili ya wastani wa wiki iliyopita kwa dakika kumi, tunarudi. Muda wa majibu ukipanda kwa zaidi ya robo, tunarudi. Na jina la mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "rudisha" bila kuitisha kikao. Ukisubiri kuamua haya moto ukiwaka, utajikuta unabembeleza tatizo kwa saa mbili.

Peleka seva moja kati ya zote, iache ipite saa zenye watu wengi na kazi za usiku, hasa zile zinazoendeshwa mara moja kwa siku. Kisha nusu. Kisha zote. Ikiwa uamuzi ni "bado", andika kinachokuzuia na tarehe ya kuangalia tena, mathalani maktaba fulani ikitoa toleo linalokubali, au tarehe 1 ya mwezi ujao, lolote litakalotangulia.

Mashine za toleo la zamani nazishikilia siku saba baada ya seva ya mwisho kuhamia. Siku ya nane nazizima, nawasha tabia mpya moja baada ya nyingine, na ile kalenda ya hatua ya kwanza naiandikia tarehe mpya.